Karani wa Herufi Kubwa

Watu wa Kasingirima, mtaa wa Ujiji, walikuwa na sifa moja tu ya kumpa Karani: karatasi yake hairudi. Hawakusema ni mkarimu. Hawakusema ana roho nzuri, maana hapo hata mwongo mzoefu angeona aibu. Walisema tu kwamba ukiandikiwa barua na Karani ukaipeleka mahakamani, halmashauri, polisi, popote penye meza na muhuri, hutaambiwa nenda karekebishe hapa, kaongeze pale. Itapita. Kwa mtu aliyetoka Ilagala kwa boti na anayetakiwa kurudi siku hiyo hiyo, sifa hiyo ilitosha.

Alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, akaihamishia mahakama barazani kwake. Meza, taipureta, benchi la wasubirio, na yeye mwenyewe na kofia yake nyeupe iliyonyooshwa mpaka ikasimama. Mimi nilikuwa jirani. Nililetwa kwa shangazi nikiwa darasa la tano, kwa sababu shule ya Ujiji ilisemekana ni nzuri kuliko ya kwetu, na kati ya chumba nilicholala na baraza la Karani palikuwa na ukuta mmoja. Nilifumbua macho kwa sauti ya taipureta na sauti ya mtu anayedhalilishwa. Asubuhi nyingi zilikuwa hivyo.

Aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Ile taipureta ilikuwa na kitufe cha kubadili, nilikiona kwa macho yangu, lakini alikuwa amekibana chini kwa kipande cha njiti ya kiberiti na hakukitoa hata siku moja. Ukimuuliza alikujibu, "Serikali haisomi herufi ndogo." Kwake herufi ndogo zilikuwa za wapenzi na watoto wa shule.

Jambo la pili alilokuwa akilisema kila siku ni hili: "Ulichosema ndicho nilichoandika." Lilisikika kama uaminifu. Mtu mmoja wa kwetu, mgombea uenyekiti wa kijiji, alikuja na matumaini yake yote kuandikiwa tangazo la kubandika. Sisi Waha, hasa wakubwa wetu, herufi r na l zinatupa shida. Hata mimi nikikasirika ulimi unarudi nyumbani. Yule baba akasema kwa heshima zote, "Andika: wananchi wenzangu, naombeni kula." Karani akamtazama. Akamuuliza taratibu, "Unaomba nini?" "Kula, mzee. Kula zenu." Akaandika. WANANCHI WENZANGU, NAOMBENI KULA. Tangazo likabandikwa mpaka kwenye mwalo wa samaki, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Alishindwa vibaya, na mpaka leo wanamwita Mla Kwetu. Alipokuja kulalamika Karani hakupandisha sauti. "Nilikuuliza," akamwambia. "Nilikupa nafasi mbili."

Na alikuwa na tabia ya kuisoma kwa sauti barua aliyoimaliza, eti kuhakiki. Mwanamke akija kudai talaka, akaeleza kwa kunong'ona jinsi mumewe anavyomfanyia, Karani ataandika kimya kimya mpaka mwisho, kisha atajikohoza na kuisoma yote, kituo kwa kituo, benchi zima linasikiliza. Nimeona mama mzima anajifunika uso kwa kanga pale, na wanaume wanatazama miguu yao. Akimaliza anauliza, "Ndivyo ulivyosema au sivyo?" Mama anaitikia. Anatia dole gumba. Karatasi inakwenda na hairudi.

Usiniulize kwa nini watu walimvumilia. Hata mimi najiuliza. Hakupokea pesa, hilo nalo tuliseme. Alipokea samaki tu, mgebuka mmoja au kibaba cha dagaa. Hakumwogopa mtu. Aliwahi kumrudisha ofisa mmoja mkubwa mwisho wa benchi, nyuma ya muuza mihogo, na ofisa akakaa. Ukitendewa ukatili sawa na bwana mkubwa, kuna raha fulani ndani yake, na Ujiji tuliipenda raha hiyo.

Siku ya kwanza kabisa shangazi alinituma nimpelekee mgebuka wa kukaanga. Ilikuwa asubuhi. Nikasimama mbele ya meza, sahani mikononi, nikamwamkia kama tulivyoamkia nyumbani. "Mwakeye."

Hakuinua macho. "Hiyo lugha iache botini. Mimi Kiha sikijui. Hapa mjini, sema Shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako?"

"Ntamwana."

Akaacha kuchapa. Akanitazama toka utosini hadi kwenye kandambili, halafu akacheka. Alichekea puani tu, mdomo haukushiriki. "Kuanzia leo wewe ni Hana. Fupi, la mjini."

Jamani, nilifurahi! Nilitoka pale nikirukaruka. Ntamwana lilikuwa jina zito, watoto wa mjini walilitafuna vibaya makusudi. Hana lilikuwa safi, hata kanisani mwalimu wa kwaya alilisifia. Shule nzima wakaniita Hana. Nilipokwenda likizo nikamwambia baba nimepewa jina jipya na Mzee Karani, na baba, ambaye hakujua kusoma na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akatabasamu akasema kama mzee msomi amelitoa basi ni zuri.

Tena nakumbuka jambo ambalo sijamsamehe, na Mungu anisamehe mimi. Nikiwa darasa la saba mama yangu alifariki Ilagala. Habari zililetwa asubuhi na watu wa boti, na boti hiyo hiyo ilikuwa irudi kabla ya adhuhuri. Shangazi akasema siwezi kuondoka bila barua ya ruhusa kwa mwalimu mkuu, kimbia kwa Karani. Nikakimbia. Karani akaniwekea karatasi mbele na kalamu. "Andika mwenyewe, mkono unao."

Nikaandika mama yangu amekufa. Akaichukua, akaichana. "Mbwa hufa. Mtu hufariki dunia." Nikaandika upya. Akaichana tena; nilisahau kuacha nafasi upande wa kushoto. Mara ya tatu machozi yaliangukia wino, nikamwomba, "Mzee, naomba hii iende hivi hivi, boti inaondoka." Akasema karatasi yenye maji haipokelewi. Nilikuwa naandika ya nne niliposikia injini ya boti kule ziwani, nikaisikia mpaka ikapotea. Nilifika Ilagala kesho yake. Baba alikuwa amekaa ufukweni anaosha jembe. Na ile barua? Mwalimu mkuu hakuifungua. Alinipa pole, akaniambia nenda mwanangu.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa na mke asiyetembea. Miguu yake ilikufa ganzi zamani, kabla sijafika, na hawakujaliwa mtoto. Kila alasiri baada ya swala Karani alimbeba mgongoni kutoka ndani, mtu mzima na mwenye mwili, akamkalisha kwenye kiti cha kamba upande wa kivuli, akamwosha miguu kwenye beseni, kidole kwa kidole, akamsuka nywele. Ndiyo, alijua kusuka, twende kilioni za kawaida. Sikumsikia hata mara moja akimkaripia. Bibi yule alinipenda mno. "Hana wangu, njoo," ataniita, na mkononi ana kashata. Yeye Karani naye aliniita, sauti kali ikipitia ukutani, "Hana!" nami nikaja nikitoka mbio, kuchota maji, kushika uzi, kumsomea bibi barua za ndugu zake. Wakati mwingine aliniita, nikafika, na hakuwa na la kunituma. Alinitazama tu akasema nenda.

Bibi alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa Mpanda. Shangazi alinieleza kwamba Karani alichapa karatasi akaibandika mlangoni: MKE WANGU AMEFARIKI. MSILIE KWA KELELE. Na watu, loo, wakatii. Msiba mzima Ujiji ililia kwa kunong'ona.

Sasa nije kwenye gobore, kwa sababu bila hilo ningekuwa namkumbuka Karani kama watu wengine wanavyomkumbuka, kwa kicheko.

Baba yangu alikuwa na gobore la baba yake. Kitako kilishapasuka kikafungwa kwa ngozi ya mbuzi, ikakaukia hapo ikawa ngumu kuliko mti wenyewe. Lilikuwa na kibali, tena kibali hicho alikiweka kwenye nailoni ndani ya nailoni, na kila alipoitwa kituoni kulionyesha alilibeba mwenyewe akiwa amevaa koti. Alifukuzia viboko wanaopanda kula mpunga kule mdomoni mwa mto Malagarasi. Lakini lilikuwa na kazi nyingine. Kila mtoto alipozaliwa kwake baba alipiga mara moja juu, kijiji kisikie. Alipiga mara sita, na mara sita akazika. Nilipozaliwa mimi, wa saba, hakupiga. Alilining'iniza gobore ukutani akaniita Ntamwana, maana yake kwa Kiha hakuna mtoto, ili kifo kikipita kikiuliza kiambiwe hapa hakuna mtoto na kiende zake. Ni jina la kuficha. Kwetu wako wengi wenye majina ya namna hiyo, wengine wanaitwa takataka, na wanaishi.

Siku ya harusi yangu ndipo alipolitoa. Alilijaza mwenyewe, akatoka uani mbele ya wakwe, akapiga. Wakwe waliinama chini ya meza. Baba machozi yanamtoka, anasema kwa sauti, "Sasa kisikie! Ninaye!" Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hiyo ndiyo siku niliyotangazwa kuzaliwa. Ndiyo sababu nililitaka gobore lile. Nguruwe pori wanaokula mahindi yetu Mpanda niliwataja kwenye maombi tu, kwa kuwa fomu ilitaka sababu.

Baba alipofariki, mtendaji wa kijiji alilikabidhi gobore kituoni kama sheria inavyotaka, tukapewa stakabadhi. Kumbe kulitoa mkoa mmoja kwenda mwingine si sawa na kumhamisha ng'ombe. Upande wa Katavi nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaenda kata, nikaenda wilaya, nikachukuliwa alama za vidole, nikaulizwa mbele ya kamati kama niliwahi kugombana na mume wangu na tuligombania nini. Upande wa Kigoma walitaka muhtasari wa kikao cha ukoo, unaoonyesha nani mrithi. Shemeji yangu alinicheka. "Shem, kilo mbili za chuma unazungushia serikali mbili? Ungewahi kabla halijakabidhiwa, ukalitia kwenye gunia la dagaa, lingefika na basi la asubuhi." Nikamwambia baba yangu alilitembeza kwa koti na kibali maisha yake yote, sitalisafirisha kama bangi. Nilijiona mtu wa maana sana niliposema hivyo.

Ukoo ukakaa Ilagala, ukakubaliana bila ubishi: mtoto ni mmoja, apewe. Mimi nilikuwa bado nahangaika na mihuri ya Mpanda. Nikampigia simu baba mdogo, nikasema kwa mdomo wangu huu: msiandike kwa mkono, pelekeni kwa Karani, karatasi yake hairudi.

Baba mdogo akaenda. Alinihadithia baadaye, neno kwa neno. Karani alimuuliza mke wa marehemu yuko wapi, akajibiwa amefariki. Akauliza mtoto. "Ni yule Ntamwana." Karani akauliza, "Yule Hana?" Baba mdogo akasema ndiyo mzee, huyo huyo Hana. Taipureta ikalia. Ikasomwa kwa sauti, benchi likasikia, wote wakaona ni sawa. Baba mdogo akatia dole gumba, na wazee wengine wanne nao wakatia.

Nilifika kituoni Jumatatu na bahasha yangu ya Katavi imejaa mihuri. Ofisa wa silaha alikuwa kijana mpole, Mha mwenzangu wa Kasulu, akanikaribisha kiti. Akafungua faili akalisoma, akalisoma tena. Kisha akaligeuza nilione.

MKE: AMEFARIKI.
MTOTO: HANA.
KIKAO KIMEKUBALI SILAHA IENDE KWA MTOTO.

"Dada," akasema, "ukoo wenu umekubali silaha iende kwa mtoto, na marehemu mtoto hana."

"Hana ni mimi!"

"Hana ni wewe?"

"Ndilo jina langu."

Akaomba kitambulisho. Nikampa. Akakitazama, na nikaona anauma midomo, anajizuia, maskini, kijana mwenye adabu. Kisha ikamshinda, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Nisamehe dada. Karatasi inasema hana. Kitambulisho kinasema Ntamwana. Vyote viwili vinasema kitu kimoja!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Si karatasi tu. Nilirudi nyuma mpaka siku ile ya sahani ya mgebuka, kandambili zangu, kile kicheko cha puani. Hakunipa jina la mjini. Alikuwa ametafsiri. Miaka yote ile nilikimbia kuitikia neno lisemalo sipo, na nilimshukuru kwa hilo.

Ofisa alinisaidia alivyoweza. Alisema silaha zisizo na mrithi zimeshaorodheshwa ziteketezwe, orodha inakwenda mkoani Ijumaa, na kabla ya Ijumaa nilete barua ya yule aliyeandika ithibitishe kwamba HANA ni jina la mtu. Sentensi moja. Nikatoka pale mbio kama nilivyokuwa nikikimbia nikiwa mtoto.

Karani alikuwa barazani, amekonda, benchi halina mtu. Vijana wa kompyuta walishamnyang'anya wateja. Nikamweleza yote, nikamwekea karatasi mbele. "Mzee, andika tu kwamba Hana ni jina."

"Nikiandika hivyo nitakuwa nimekiri kosa."

"Kosa lipo!"

"Jina lako nani?"

"Hana."

"Na mimi nimeandika nini?"

"Hana."

"Kosa liko wapi?"

Wewe ungejibu nini? Nikapiga magoti, mtu mzima, mama wa watoto wawili, kwenye sakafu ile niliyoideki mwenyewe utotoni. Nikamwambia jina hili ulinipa wewe. Akasema, "Na wewe ulilipokea." Nikamwambia ulijua maana ya Ntamwana, ulinitukana mtoto mdogo. Akasema, "Mimi Kiha sikijui." Nikamwambia wataliteketeza, Karani, ni kitu pekee cha baba yangu kinachosema alinizaa. Akanyoosha kofia yake. "Karatasi yangu hairudi, Hana. Ikirudi moja, zote za nyuma zitatiliwa shaka, na kuna watu wameachana kwa karatasi zangu, wamerithi mashamba, wamefungwa. Nenda kawafundishe kusoma."

Nikakimbilia Ilagala. Wazee wawili walikuwa wameshavuka kwenda kambi za uvuvi. Waliobaki wakaandika muhtasari mwingine kwa mkono. Nikaurudisha Alhamisi. Ofisa mkuu safari hii, si yule kijana, akasema kuna karatasi mbili za ukoo mmoja, moja inasema mtoto hayupo, nyingine inasema yupo, huo ni mgogoro, uende mahakamani. Na silaha? Silaha haingoji mgogoro.

Orodha ilipopita, waliziteketeza asubuhi moja, uwanjani, wanafunzi wameletwa kujifunza. Magobore yalikuwa yamerundikwa, mengi ya majangili, kutu tupu. Nilisimama nyuma ya kamba. La baba nililijua kwa ile ngozi ya mbuzi. Wakamwaga petroli. Ngozi ndiyo iliyotangulia kushika moto, na ikanuka kama nyama, mpaka mtoto mmoja wa shule akamuuliza mwalimu wanachoma nini. Nilikuwa nangoja lilie, labda kuna baruti ya zamani ndani, labda litapiga mara moja. Baba alilisafisha vizuri mno. Halikulia.

Miaka miwili baadaye shangazi akanipigia. "Karani wako amepigwa kiharusi. Hana mtu." Nilipanda basi. Sitaficha kilichonipeleka: nilikwenda kumwona akiteseka. Nilitengeneza uji kwa shangazi, nikautia kwenye chupa, kwa sababu mtu haendi hospitali mikono mitupu hata akienda kwa ubaya.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, umelala juu ya shuka kama si wake. Kofia hakuwa nayo. Sikujua kwamba kichwa chake kilikuwa kidogo hivyo. Nikasimama miguuni pa kitanda nimejaa maneno niliyoyapanga tangu basi likiwa Uvinza. Akafungua macho, akanijua.

"Mwakeye," akasema.

Si kwa lafudhi ya kujifunza. Alilitamka kama bibi zangu walivyolitamka. Nikasema, "Kumbe unakijua."

"Kabla ya Kiswahili."

"Basi siku ile ulijua."

"Nilijua." Alikuwa anavuta maneno moja moja, mdomo umekwenda upande. "Mke wangu ndiye aliyelipenda jina. Unaita 'hana', halafu mtoto anakuja. Kila ukiita, anakuja. Tulikuwa tunacheka sana ndani, sisi wawili."

Nikakaa. Nilikumbuka zile siku alizoniita nikafika na hakuwa na la kunituma. Kisha nikakumbuka ngozi ya mbuzi, na hasira ikarudi mahali pake. "Ungeandika sentensi moja tu, Karani. Moja."

"Karatasi ilikuwa sahihi," akasema, na akafumba macho.

Nilimlisha uji. Alimeza vibaya, ukamtiririka shingoni, nikamfuta, sikumfuta kwa upole. Nesi akaja na fomu zake, binti wa mjini mwenye haraka, wagonjwa wengi wanamngoja. Hakututazama sana. Alikuwa anasoma alichoandikiwa aulize, kalamu tayari.

"Mke?"

"Amefariki," nikasema.

"Mtoto?"

Karani alifungua macho. Akanigeuzia uso, ule upande wake mzima, akaningoja. Sikuwahi kumwona akingoja kitu kwa mtu.

"Hana," nikasema.

Nesi akaandika, akaenda kitanda kinachofuata. Karani alimfuata kwa macho mpaka fomu ikafunikwa na nyingine, kisha akanitazama mimi.

"Herufi kubwa au ndogo?" akauliza.

Nilikaza kizibo cha chupa, nikaiweka upande wa mkono wake unaofanya kazi, nikaondoka kuwahi basi la Mpanda.